Trim ya Mto Boyne: Ngome, Pini Zenye Kutu na Mtoto Aliyesoma Kiajemi

Ijumaa

Kutoka Dublin hadi Trim ni kama kilomita 45 tu kuelekea kaskazini-magharibi, lakini Ijumaa jioni kila mtu anakimbilia kwao na basi limejikokota zaidi ya saa nzima. Shemeji amekaa dirishani. Amekuja kututembelea kutoka Tanga, anafundisha hisabati sekondari, na tangu dada yake amwambie kwamba nitampeleka kuona ngome hajaacha kunichokoza. "Shemeji, mawe hata Tongoni yapo. Nauli yote ile nije kutazama magofu?" Anachokitaka Trim ni nyumba moja tu. Nimemwomba avute subira hadi Jumatatu.

Tumeshuka jirani na mto. Mji hauna hata wakazi elfu kumi: barabara kuu, bucha, vinyozi, duka la dawa, baa za kutosha. Halafu unainua macho, na hapo hapo, nyuma ya magari yaliyoegeshwa, imesimama ngome kubwa kuliko zote walizojenga Wanorman, mabwana wa vita waliovuka bahari kutoka Uingereza, katika Ayalandi. Wenyeji wanapita chini yake na mifuko yao ya sokoni bila kugeuza shingo.

Boyne si mto wa kutisha. Unaanzia kwenye kisima katika kaunti ya Kildare, unajinyonganyonga kwa kilomita 112, kisha unaingia Bahari ya Ayalandi ukishaupita mji wa Drogheda. Hapa Trim palikuwa na kivuko cha kupita kwa miguu, na mashua ndogo ziliweza kupanda kutoka baharini hadi hapa. Mahali kama hapo hapakosi mwenyewe. Walitangulia watu wa dini: mapokeo yanasema Lommán, anayetajwa kuwa mpwa wa Mtakatifu Patrick, alifika kivukoni kwa chombo katika karne ya 5 akaanzisha kanisa. Wenye panga walifuata baadaye sana.

Waayalandi wa kale nao wana yao kuhusu mto huu. Boann alikatazwa kukisogelea kisima cha mumewe, Nechtan. Akaenda, akakizunguka kinyume cha jua, na maji yakafoka yakamkimbiza mpaka baharini. Njia aliyokimbilia ndiyo Boyne. Shemeji amesikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe mto mzima ni kesi ya ndoa."

Mama mwenye nyumba ya wageni ametuuliza mapema tunakula nini na hatuli nini, akatuahidi asubuhi mayai na mkate wa soda bila kuleta soseji zake mezani. Kilichomtatiza shemeji ni jua. Ni Juni, na Magharibi imeingia saa nne kasoro usiku. Akisubiri, tumekaa ukingoni tukiutazama mnara wa ng'ambo, wanaouita Mnara wa Njano. Ni mabaki ya mnara wa kengele wa abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Mtakatifu Maria, umejengwa mwaka 1368, unakaribia mita 40 kwenda juu, na upande wake mmoja mzima umeporomoka, kwa hiyo unaona ghorofa zake kwa ndani. Jua la jioni likiupiga, mawe ya kijivu yanageuka dhahabu. Abasia hiyo ilikuwa na sanamu ya Bikira Maria iliyosifika kwa miujiza, watu wakihiji kutoka pande zote za kisiwa. Miaka ya 1530 wafuasi wa mageuzi ya dini ya Mfalme Henry VIII wakaichoma moto sanamu hiyo.

Jumamosi

Uwanja wa ngome unazunguka mwenyewe, ila ndani ya mnara mkuu huingii peke yako. Unapewa saa na kikundi. Ngazi ni nyembamba, za mzunguko, na ukikutana na mtu anashuka mmoja wenu lazima abane ukutani.

Mwaka 1172 Mfalme Henry II wa Uingereza alimpa Hugh de Lacy nchi yote ya Meath. Haukuwa ukarimu. Bwana mwingine wa Kinorman, Richard de Clare, alikuwa ameoa binti wa mfalme wa Leinster na kurithi himaya yake, na Henry aliogopa mtumishi wake asije akajitangazia ufalme ng'ambo ya bahari. De Lacy aliwekwa pale awe jicho na kizuizi. Akaanza na boma la miti na udongo. Mwaka uliofuata Ruaidrí Ua Conchobair, mfalme mkuu wa Ayalandi, akaja na jeshi. Hugh Tyrrel, aliyeachiwa boma, akaona hawezi, akalichoma kwa mkono wake mwenyewe na kutoroka. Ndipo mawe yakaanza kupangwa. De Lacy na mwanawe Walter walijenga kwa muda wa kama miaka thelathini.

Umbo la mnara ndilo lililomshika shemeji. Chukua jengo la mraba, kila ubavu uubandikie mnara mdogo: unapata msalaba wenye nyuso ishirini. Minara midogo iliyobaki ni mitatu. Shemeji ameuzunguka akihesabu, kisha akatoa hukumu: "Kwa vita huyu kakosea. Kila kona ni mahali pa adui kujificha." Wataalamu wengi wa ngome wanasema hivyo hivyo, jengo hili lilikuwa la kumwonyesha jirani nani ana mali kuliko la kumzuia. Ulinzi wa kweli ulikuwa nje, kwenye ukuta mrefu, malango, mto upande mmoja na handaki la maji pande nyingine.

Tazama ukuta kwa karibu na utaona matundu madogo ya mraba yamepangwa kwa mistari. Mafundi walichomeka boriti humo kushikilia majukwaa yao, wakipandisha ukuta wanahamisha jukwaa juu, na mbao nyingine zilikatikia ndani. Vipande hivyo vilikaa gizani miaka mia nane. Wanasayansi walivitoa, wakasoma pete za miti, wakajua miti ilikatwa lini, na kwa njia hiyo tukajua awamu za ujenzi bila kutegemea maneno ya waandishi wa wafalme. Shemeji amesimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kidole kikiwa ndani ya tundu kama anayemkagua mtoto meno.

Ngome ina mengine. Mwaka 1399 Henry wa Monmouth, kijana ambaye baadaye angekuwa Mfalme Henry V, alishikiliwa hapa na Richard II katika lango la kuelekea Dublin. Katika uchimbaji wa miaka ya 1970 ilipatikana mifupa ya wanaume kumi wasio na vichwa, na wengi wanaihusisha na amri za karne ya 15 za kuwakata vichwa wanyang'anyi na kuvitundika.

Lakini nililolijia mimi ni bunge. Watu wengi hawajui kwamba Bunge la Ayalandi lilikuwa likihamahama, na mara kadhaa lilikaa Trim. Kikao cha mwaka 1465 kilipitisha sheria kwamba Mwayalandi yeyote anayeishi katikati ya Waingereza, katika kaunti za Dublin, Meath, Louth na Kildare, avae kama Mwingereza, anyoe kama wao juu ya mdomo, aape utii, na ajipe jina la ukoo la Kiingereza: ama la mji, na Trim yenyewe imetajwa miongoni mwa mifano, ama la rangi, mweupe, mweusi, kahawia, ama la kazi, mhunzi, seremala, mpishi. Asiyetaka, mali yake inachukuliwa. Fikiria karani akikaa katika mji huu kuorodhesha rangi za kuwagawia watu kuwa babu zao.

Mtembeza wageni yeye ametumia muda mwingi zaidi kwenye filamu ya Hollywood iliyopigwa hapa mwaka 1994, ngome ikiigiza mji wa York wa Uingereza. Vijana wa mjini walipata kazi ya kuwa askari, na kila mtu wa umri fulani ana hadithi ya ndevu za bandia. Sina ugomvi na hilo. Filamu imeleta wageni, na wageni wanaiweka ngome hai. Serikali iliinunua mwaka 1993 kutoka kwa familia ya Lord Dunsany, ikaitengeneza, ikaifungua upya mwaka 2000. Na ofisi ya taifa inayotunza majengo ya kale sasa ina makao makuu yake papa hapa Trim, kwenye mtaa uliopewa jina la mwandishi Jonathan Swift.

Jioni tumepita haraka kwenye nguzo ya Duke wa Wellington, iliyosimamishwa mwaka 1817. Duke huyo, Arthur Wellesley, aliwahi kuwa mbunge wa Trim kabla hajamshinda Napoleon kule Waterloo. Ni nguzo, juu yake mtu. Tukaenda kula samaki.

Jumapili

Kengele zimetuamsha. Jumapili ya tarehe 26 Septemba 1920, wapiganaji wa uhuru waliivamia kambi ya polisi ya mji huu wakati baadhi ya polisi wakiwa misani, wakachukua silaha na kuitia moto. Kesho yake askari wa Waingereza wakalipiza kwa kuchoma maduka na majengo ya mjini. Ngome ya miaka mia nane imebaki, maduka ya siku ile yakawa majivu.

Tumefuata njia ya ukingoni kupita Porchfields, malisho mapana kati ya ngome na Newtown, ambayo zamani yalikuwa mashamba ya wenyeji wa mji. Mwendo wa nusu saa ukitembea kivivu. Manyunyu yalikuja, yakaondoka, yakarudi. Mto hapa ni wa rangi ya chai ya rangi, na majani marefu ya majini yanalala yakifuata mkondo. Kati ya 1969 na 1986 mashine za serikali zilichimba vitanda vya Boyne na vijito vyake ili mashamba yasifurike, kwa hiyo mto anaouona mgeni leo umekaa chini zaidi kuliko alioujua de Lacy.

Newtown ndiko moyo wangu ulipo. Kule mjini unakata tiketi. Huku unasukuma geti. Askofu Simon de Rochfort, Mnorman wa kwanza kuwa askofu wa Meath, alihamisha kiti cha uaskofu kutoka Clonard na mwaka 1206 akaanzisha hapa kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, miongoni mwa makanisa makubwa ya mtindo wa Kigothi katika kisiwa kizima. Ukuta uliobaki una madirisha marefu membamba, na kunguru wanapita humo bila kupunguza mwendo. Mbele kidogo, ukivuka daraja la zamani, kuna mabaki ya hospitali ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, iliyoendeshwa na watawa waliovaa msalaba kifuani. Askofu, watawa, hospitali, daraja: huu ulikuwa mji kamili pembeni ya mji, na leo hata duka la vocha hakuna.

Katika makaburi yaliyo jirani, ndani ya kanisa dogo lisilo na paa, wamelala Sir Lucas Dillon na mkewe Jane Bathe. Dillon alikuwa jaji mkubwa zama za Malkia Elizabeth I. Wamechongwa kwa jiwe juu ya kaburi lao, chali, mavazi ya heshima, na kati yao umelazwa upanga. Haupo upande wa mume. Upo katikati, urefu wote, hata mikono haigusani. Wasomi wanasema upanga ni alama ya cheo chake. Watu wa Trim hawana haja na wasomi: wanawaita mume na mke wenye wivu, wakieleza kwamba palitokea jambo ndani ya nyumba.

Nimeinama kuangalia vizuri. Mvua imekusanya maji katika mfereji mwembamba kati ya miili yao, na ndani ya maji hayo kuna pini. Pini za kawaida za mshonaji, nyingine zinang'aa, nyingine zimeota kutu mpaka zimeacha doa la hudhurungi kwenye jiwe. Mwenye chunjua anaisugua kwa pini, anaiacha hapa. Pini ikiota kutu, chunjua inakauka na kudondoka. Ziko mpya, kwa hiyo wanaokuja bado wapo.

"Hii ingekuwa kwetu," shemeji amesema, "ingeitwa ushirikina. Hapa inaitwa urithi." Sikuwa na la kumjibu, na bado sina.

Upande wa pili wa mto kuna geti la shamba lililopewa jina kwa ajili ya mwangwi wake. Unasimama hapo, unaelekea magofu ya Newtown, unapiga kelele, na sauti inarudi safi. Familia moja ilikuwa inaita majina ya watoto wao. Walipoondoka shemeji akajisafisha koo: "Hodi!" Ikarudi: hodi. Akarudia. Ikarudi tena. Akasikitika kweli kweli kwamba karne zote hizo hakuna aliyewafundisha adabu ya kuitikia karibu.

Mchana teksi imetupeleka Bective, abasia ya watawa wa shirika la Wasistersia iliyo mtoni hapo hapo kwa kushuka na maji. Murchad Ua Máel Sechlainn, mfalme wa Meath, aliianzisha mwaka 1147, kabla Mnorman yeyote hajatia mguu. Kibaraza cha watawa, cha karne ya 15, bado kina matao yake, na mahali pamoja pamechongwa mtu ameshika fimbo ya uaskofu. Hakuna mlinzi wala kiingilio. Ng'ombe wako ng'ambo ya ukuta.

Nimemleta shemeji huku kwa sababu ya mwisho wa de Lacy. Mwaka 1186 alikuwa Durrow akikagua ngome nyingine mpya, iliyokuwa ikijengwa juu ya ardhi ya monasteri ya Mtakatifu Colum Cille. Kijana wa Kiayalandi akachomoa shoka alilolificha na kumkata kichwa kwa pigo moja. Maiti yake ikawa mali ya kugombewa: kiwiliwili kikazikwa hapa Bective, kichwa kikapelekwa abasia ya Mtakatifu Thomas jijini Dublin. Nyumba mbili za Mungu zikashtakiana, na kesi haikukatwa hadi mwaka 1205, Dublin ikashinda. Kugombania maiti ya tajiri si kichaa. Alipozikwa ndipo sadaka na ardhi za ukoo wake zilipoelekea.

Jumatatu

Zamu ya shemeji. Nyumba yenyewe iko ng'ambo ya mto ukitazamana na ngome, chini ya Mnara wa Njano: Talbot's Castle, jengo la mwaka 1415 la Sir John Talbot, mwakilishi wa mfalme, lililounganishwa na majengo ya abasia. Kwa miaka mingi lilikuwa makazi ya mtu binafsi. Hatukuingia; tumesimama njiani tukitazama kuta na madirisha.

Nyumba hii imepita mikono. Mwaka 1717 aliinunua Esther Johnson, rafiki wa karibu wa Jonathan Swift, na baadaye ikawa ya Swift mwenyewe. Swift alikuwa mchungaji wa Laracor, kijiji cha jirani, tangu mwaka 1700, na kwa hesabu yake mwenyewe waumini wake hawakuzidi kumi na watano. Wazee wetu waliosoma shule za ukoloni wanamfahamu kwa Safari za Gulliver, iliyotafsiriwa Kiswahili miaka ya 1930.

Baadaye ikawa shule ya dayosisi, na hapo ndipo shemeji alipovua kofia. William Rowan Hamilton alizaliwa Dublin mwaka 1805, akaletwa hapa akiwa na umri wa kama miaka mitatu alelewe na ami yake, James, mchungaji na mwalimu wa shule hii. Ami alikuwa mraibu wa lugha. Mtoto akafundishwa Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, kisha Kiarabu, Kiajemi na Kisanskriti. Familia ilifikiria huenda angepata kazi katika Kampuni ya India Mashariki. Mwaka 1819 balozi wa Uajemi alipotembelea Dublin, kijana wa miaka kumi na minne kutoka Trim alimwandikia barua ya makaribisho kwa Kiajemi.

"Kiarabu hapa? Kando ya mto huu?" Shemeji, aliyechapwa chuoni Tanga kwa kukosea irabu za Kiarabu, ameona ni dhuluma mtu akisome kwa hiari. Ila kilichomleta ni hisabati. Hamilton aliingia Chuo cha Trinity akiwa na miaka kumi na minane, na mwaka 1827, kabla hajahitimu, akateuliwa kuwa mwanaastronomia wa kifalme wa Ayalandi.

Nimetafuta kibao chenye jina lake kwenye njia tuliyopita. Wellington ana nguzo, Swift ana mtaa. Cha Hamilton sikukiona, na shemeji amelichukulia kama tusi la kikazi. Amenitaka nimpige picha mbele ya ukuta, kisha nyingine, kisha moja akiwa ameshika daftari.

Basi la mchana limeturudisha Dublin, lakini hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Tumepanda tramu mpaka Broombridge, kituo cha mwisho mtaa wa Cabra, kwenye mfereji wa Royal Canal. Tarehe 16 Oktoba 1843 Hamilton alikuwa akitembea na mkewe kando ya mfereji huu kuelekea mkutanoni, akiwa ameumiza kichwa miaka mingi juu ya namna ya kuzidisha namba za pande tatu. Jibu likamjia hapo: zisiwe tatu, ziwe nne. Akatoa kisu akaichonga kanuni kwenye jiwe la daraja. Mchongo wake ulishafutika. Kilichopo ni kibao cha mwaka 1958, kilichozinduliwa na Éamon de Valera, waziri mkuu wa Ayalandi wakati huo, ambaye mwenyewe alikuwa amefundisha hisabati. Kanuni hiyo ya kwaternioni, ndizo namba hizo za pande nne, leo inatumika kugeuza vyombo vya angani na picha za michezo ya kompyuta.

Mfereji una chupa za plastiki na daraja lina michoro ya vijana. Shemeji amenakili kanuni kwenye daftari, ingawa anaijua kwa moyo, kisha akanipa somo hapo hapo: i mara j ni k, lakini j mara i ni hasi k, mpangilio ukibadilika na jibu linageuka. Akaniuliza nimeelewa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya shemeji, k mara j?"